Kutoka Joho hadi Kikanisa: Asili na Heshima ya Mtakatifu Martin wa Tours

1.0 Utangulizi

Aghalabu heshima anayopewa mtakatifu huchunguzwa kupitia masimulizi ya maisha yake na masalia yake. Makala haya yanadai kwamba neno nalo laweza kuwa masalia. Mfano wetu ni Martin wa Tours, askari wa Kirumi wa karne ya 4.

2.0 Askari Aliyekataa Vita

Chanzo kikuu ni Sulpicius Severus, aliyemfahamu Martin na kuandika habari zake Martin akiwa angali hai. Kwa mujibu wake, Martin alizaliwa Savaria, katika Pannonia (leo Szombathely, Hungaria), akiwa mwana wa askari. Jina lenyewe, Martinus, linatokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Sheria iliwalazimisha wana wa maaskari wastaafu kuingia jeshini, naye akaingia.

Penye lango la mji wa Amiens, katika baridi kali, alikata joho lake kwa upanga, akampa maskini nusu. Baadaye, huko Worms, alikataa kupigana. Alipoitwa mwoga, alijitolea kusimama mbele ya adui pasipo silaha. Mwaka 371 alifanywa askofu wa Tours. Alifariki Novemba 397, akazikwa tarehe 11, ambayo ndiyo sikukuu yake. Yeye ni miongoni mwa watakatifu wa kwanza wa Magharibi walioheshimiwa bila ya kuuawa kwa ajili ya imani.

3.0 Safari ya Neno

Sulpicius huliita vazi hilo chlamys, neno lenye asili ya Kigiriki. Baadaye masalia yaliyoaminika kuwa ya joho hilo yaliitwa cappella, yaani cappa, 'joho', pamoja na kiambishi tamati cha udogo -ella. Uundaji huu si mgeni kwetu: kazi hiyo katika Kiswahili hufanywa na ki-.

Kufikia karne ya 7 wafalme wa Wafranki walikuwa na masalia hayo. Watu waliapishwa juu yake, na yalibebwa vitani. Hapo maana ikapanuka kwa hatua: kutoka kitu hadi mahali kilipohifadhiwa, kisha hadi mahali popote padogo pa ibada. Padri mtunzaji akaitwa cappellanus. Ndiyo asili ya chapelle ya Kifaransa, capela ya Kireno, na a cappella ya Kiitaliano, yaani uimbaji 'wa mtindo wa kanisani'.

Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Kilipokea kanisa na kasisi kutoka Kiarabu, kisha kikaunda kikanisa. Udogo umo, joho halimo.

4.0 Hitimisho

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba nusu iliyotunzwa na wafalme ni ile iliyobaki mabegani mwa askari. Nusu aliyopewa maskini haikutafutwa na yeyote. Vazi la mtu aliyekataa vita likawa ngao ya majeshi, naye akawa msimamizi wa maaskari. Hivyo basi, etimolojia hutuhifadhia si tendo lenyewe, bali matumizi ya wenye mamlaka waliolirithi. Mtafiti anayefuatilia asili ya neno hana budi kuuliza pia ni nusu ipi ya historia ambayo neno hilo limeiacha nje.