Vyumba vya kupangisha Kishapu: Hesabu kwanza, mkopo baadaye

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia Kishapu kwa mkupuo. Wapo wanaonunua ng'ombe, wapo wanaonunua mabati. Wengine hutamani kiwanja Mhunze au Maganzo, wajenge vyumba vya kupangisha ili wasitegemee pamba peke yake. Wazo ni zuri, lakini mara nyingi mkopo hutangulia hesabu.

Tuseme kiwanja na vyumba vinne vinagharimu Sh8 milioni, na kila chumba kinapangishwa Sh20,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima, kodi ni Sh960,000. Iwapo fedha yote imekopwa kwa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza pekee inazidi Sh1.2 milioni. Yaani vyumba vimejaa, na mwenye nyumba bado anauza mbuzi ili alipe benki.

Ndiyo maana ni afadhali kuanza na vyumba viwili kwa akiba ya pamba, kisha mkopo mdogo wa SACCOS umalizie paa. Kabla ya kusaini, mkopaji aulize kama riba inatozwa kwenye deni lote hadi mwisho au inapungua kadiri anavyolipa. Tofauti ni kubwa. Aidha, aombe marejesho yafuate mavuno. Mkulima wa pamba anayedaiwa kila mwezi atapata taabu Januari, mfuko ukiwa mtupu.

Suala la wapangaji nalo si la kupuuza. Biashara ya Maganzo inategemea sana mgodi wa almasi wa Mwadui. Mgodi huo ulisitisha uzalishaji mwaka 2020 soko la almasi lilipoporomoka, ukasimama tena Novemba 2022 baada ya bwawa la tope kubomoka, hadi mwaka 2023. Mpangaji akikosa kazi huhama. Deni halihami. Mwenye busara apige hesabu ya miezi kumi ya kodi, si kumi na miwili.

Kuhusu ardhi yenyewe, mnunuzi ajue kwanza kama kiwanja kimepimwa au ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, uhamisho wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyosainiwa na majirani wawili na muuzaji haitoshi. Idhini ionekane kwenye muhtasari wa kikao. Vilevile, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Muuzaji akisema mkewe yuko safarini, mnunuzi amsubiri arudi, na fedha zibaki mfukoni hadi mama huyo atie saini mwenyewe.