Moto Uliopotea Muganza

Sakafu ya nyumba, ukuta wa kambi na tangi la maji huitegemea saruji, ingawa apigaye deki kila asubuhi ni nadra kuikumbuka.

Huko Muganza, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kiwanda cha Cimerwa, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilisaga mawe ya chokaa pamoja na maji yakawa tope, ndipo tope likachomwa tanurini. Moto mwingi ukapotea kwa kukausha maji yaliyotiwa kwa makusudi! Katika nchi inunuayo mafuta yake nje, gharama hiyo humfikia anunuaye mfuko.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mtambo usagao malighafi zikiwa kavu na kuzipasha kwa joto litokalo tanurini humo humo. Uwezo ukapanda kutoka tani 100,000 kwa mwaka hadi 600,000.