Kabla Pesa Halisi Haijatumwa

Mnunuzi wa maharage amesimama Nyamahanga, ukanda wa Ngara na Biharamulo, gunia limeshapimwa. Anabonyeza "Lipa". Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mtandao unakata. Pesa imekwenda au haijaenda? Hajui, anabonyeza tena. Kama programu yake haikuandaliwa kwa hali hiyo, malipo yatatoka mara mbili, na kesho yake zitaanza lawama.

Watanzania wametumiana pesa kwa M-Pesa tangu mwaka 2008. Siku hizi programu za maduka na za ushirika nazo huzungumza na mitambo ya kampuni za simu kupitia API: ombi linakwenda, jibu linarudi likiwa na namba. 200 ni sawa. 404 maana yake kilichoombwa hakipo. 500, seva imepata hitilafu. Namba zote hizo zina nafuu, kwa sababu angalau umejibiwa. Kinachoumiza ni ukimya.

Sasa mtengeneza programu ataujaribuje ukimya? Hawezi kuiomba kampuni ya simu izime mitambo dakika moja kwa ajili yake. Yapo mazingira ya majaribio, kama yale ya Daraja, jukwaa la API la Safaricom nchini Kenya, na yana msaada mkubwa. Lakini yanadai intaneti, tena hayaharibiki kwa saa unayotaka wewe.

Hapo ndipo inapohitajika seva bandia. Ni programu ndogo inayojifanya kampuni ya simu ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Mojawapo ni WireMock, iliyoanzishwa na Tom Akehurst mwaka 2011, na haina gharama. Unaifikia kwenye anwani 127.0.0.1, poti 8080. Anwani hiyo ni ya kompyuta kujisemesha yenyewe. Ombi halitoki nje, hivyo ukishaipakua hata bando huhitaji.

Unaiandikia faili fupi la maelekezo: likija ombi la malipo, jibu 200, lakini baada ya milisekunde 60,000. Dakika nzima. Programu yako imewekewa kungoja sekunde 30. Muda unaisha, inadhani malipo yamekwama, inatuma upya. Fungua kumbukumbu za seva bandia, kwa maana huandika kila ombi lililoifikia: shilingi 85,000, na chini yake shilingi 85,000 nyingine. Kosa umeliona kwa macho yako, na hakuna aliyepoteza hata senti.

Dawa yake inajulikana. Kila malipo yapewe namba yake ya kumbukumbu, isiyobadilika hata ombi likirudiwa mara kumi. Upande wa pili ukiiona namba ileile, urudishe jibu la kwanza bila kulipa tena. Na programu iulize kwanza muamala umefikia wapi kabla ya kuurudia.

Hata hivyo, seva bandia husema ulichoiambia tu. Kampuni ikibadilisha muundo wa majibu yake, yenyewe haitajua, kwa hiyo jaribio la mwisho lazima lifanyike kwenye mazingira ya kampuni yenyewe.

Ndugu zangu mnaotengeneza programu za malipo mkiwa Dar es Salaam, ambako mtandao haukati mara kwa mara: ukateni wenyewe, kwa makusudi, kabla programu haijafika Nyamahanga.