Themostati ya Gari la Kikundi: Usiitupe, Ipime



Vikundi vyetu kadhaa hapa Karungu vina gari dogo, au vinategemea la jirani. Mara nyingi ni Probox. Asubuhi linabeba omena kutoka Sori, mchana linapeleka abiria Ndhiwa na Rodi Kopany, na usiku likihitajika linamkimbiza mama mja mzito hospitalini. Likichemka njiani, si dereva peke yake anayeumia. Injini ikiungua, akiba ya wanachama wote inaungua nayo.

Gari likichemka, ushauri wa kando ya barabara huwa ni huu: "Toa hiyo themostati. Huku kwetu ni joto, haina kazi." Basi inatolewa, gari linatembea, watu wanafurahi. Lakini je, ugonjwa umepona? Tuangalie.

THEMOSTATI NI NINI?

Ni mlango mdogo wa chuma kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Maji yakifika joto fulani (kwa magari mengi ya Toyota ni kama digrii 82) nta inayeyuka, inapanuka, inasukuma mlango. Maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Maji yakipoa sana, springi inaufunga mlango tena.

Kwa hivyo kazi yake si kuzuia maji. Kazi yake ni kuweka injini katika joto linalofaa, iwe ni jua la mchana au baridi ya alfajiri.

UKIITOA KUNA HASARA GANI?

Injini inakaa baridi kwa muda mrefu. Inakula petroli zaidi, oili inachafuka mapema, na vyuma vya ndani vinalika haraka. Tena kwa injini nyingine, themostati ikifunguka kabisa huwa inaziba ile njia fupi ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari la namna hiyo litatulia tambarare, lakini likipanda kuelekea Magunga na mzigo, litachemka tena.

DALILI ZA UBOVU

1. Imekwama ikiwa imefungwa: mshale wa joto unapanda upesi. Mpira mmoja wa rejeta una moto sana na mwingine ni baridi.

2. Imekwama ikiwa wazi: injini inachelewa kupata moto, na petroli inaisha haraka. Kwa magari yasiyo na mshale, ile taa ya buluu inakawia kuzima.

Kabla ya kuilaumu themostati, angalia kwanza kama maji yamepungua, kama kuna mpira unaovuja, kama feni inazunguka, na kama kifuniko cha rejeta bado kinabana vizuri.

JINSI YA KUIPIMA

1. Zima injini, ngoja ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto! Maji yale yamebanwa, yatakurukia usoni.

2. Fundi afungue nyumba yake. Kwa Toyota nyingi ndogo iko mwisho wa mpira wa chini, upande wa injini. Kinga maji kwa beseni.

3. Ifunge kwa uzi, uining'inize katika sufuria ya maji bila kugusa chini. Tumia sufuria kuukuu ambayo haitapikia chakula tena.

4. Pasha moto. Karungu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Themostati nzima itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka itakuwa wazi karibu milimita 8 au zaidi.

5. Itoe ipoe. Lazima ijifunge yenyewe.

Ikishindwa jaribio hili, nunua nyingine. Usiigonge kwa nyundo wala kuitoboa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusawazisha hedi iliyopinda na kubadilisha gasketi yake.

KUREKEBISHA NA KUBORESHA

Nunua yenye digrii zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, pamoja na mpira wake mpya wa kuzuia kuvuja. Ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, ndiyo inayotoa hewa. Safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha jaza polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uongeze maji hadi mapovu yaishe.

Sasa jambo kubwa: ni maji gani? Ya ziwa yana tope na mimea. Ya kisima mengi yana chumvi na chokaa. Hayo ndiyo yanayogandisha themostati na kuziba rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri (hakikisha si asidi!). Ukikosa, maji safi ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya ziwa.

Onyo kwa wazazi: kulanti ni tamu lakini ni sumu inayoua. Usiiweke kwenye chupa ya soda, wala usiimwage mahali ambapo mbwa, mbuzi au kuku watainywa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Gari letu, au lile tunalokodi, bado lina themostati? Nani anajua?
- Ni nani anayekagua maji kila asubuhi, na anaandika wapi?
- Kila safari tunaweka kando shilingi ngapi za matengenezo?

Kikundi kinachojibu maswali haya kabla ya gari kuchemka hakitaitisha harambee ya kununua injini.