Maji Mabaya Huua Samaki

Katika Kalamba, na sehemu nyingine za Makueni na Kitui, kila mtu ajua thamani ya debe moja la maji. Basi mtu aliyechimba kidimbwi cha samaki, akatandika karatasi ya plastiki ili maji yasinywewe na mchanga, amefanya kazi kubwa. Na samaki wake wakifa usiku mmoja, hasara yake si ndogo. Mwaka wa 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, na ufugaji wa perege na kambare ukaenea. Lakini kuchimba ni mwanzo tu. Kazi ya kila siku ni kuyatunza maji.

Samaki huvuta hewa ya oksijeni iliyomo majini. Sehemu kubwa ya hewa hiyo hutolewa na mimea midogo mno, ile iyapayo maji rangi ya kijani. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku haitoi, bali huitumia pamoja na samaki. Ndiyo sababu oksijeni huwa haba kabisa kabla ya kupambazuka. Ukiwaona samaki alfajiri wamepanda juu, wakipanua midomo, usidhani wana njaa. Wanakosa hewa. Kambare hustahimili zaidi, kwa kuwa aweza kuvuta hewa ya juu ya maji; perege hawezi.

Adui wa pili ni amonia. Hii ni sumu itokayo katika mavi ya samaki na chakula kilichooza. Vijidudu vyema vilivyomo majini huigeuza ikawa haina madhara makubwa, lakini katika kidimbwi kipya vijidudu hivyo ni vichache bado. Kwa hiyo usitie samaki wengi siku ile ile ujazapo maji.

Kuyapima maji si lazima uwe na chombo cha fedha nyingi. Tumbukiza mkono umenyooka, polepole. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yafikapo kwenye kiwiko, rangi ni ya kadiri. Kikipotea mapema, maji yamezidi ukijani. Acha kutia mbolea. Kikionekana wazi hata kiwiko kimezama, mbolea kidogo yafaa. Lakini maji yakiwa mekundu kwa udongo wa mvua, kipimo hiki hakifai. Chimba mtaro wa kuyaepusha maji ya mafuriko.

Toa chakula kile tu kinachoweza kuliwa kwa dakika 15 hadi 20. Wakati wa baridi ya Julai, punguza, maana perege hula kidogo maji yakipoa.

Samaki wakianza kutweta, fanya hivi: kwanza, acha kuwalisha na kutia mbolea. Pili, ondoa sehemu ya maji ya chini, ambako uchafu hukaa. Tatu, ongeza maji safi yakianguka kutoka juu, yapate kuchanganyika na hewa. Maji ya kisima kirefu yahitaji sana kuangushwa hivyo, kwa kuwa mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha. Usiyabadili maji yote kwa mara moja, kwani badiliko la ghafula laweza kuwaua samaki.

Wala maji yaliyotolewa yasimwagwe bure. Yana mbolea ndani yake. Yapeleke kwenye sukuma wiki na nyanya.

Hata mkaaji wa mjini afugaye samaki wa rangi katika sanduku la kioo afuate kanuni hizo hizo. Abadili robo ya maji kila juma, na maji ya bomba yenye klorini ayaache wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Chujio alioshe kwa maji ya sanduku lenyewe, asije akaviua vile vijidudu vyema.

Mfugaji mwenye busara hukitazama kidimbwi chake kila alfajiri, kwani saa hiyo ndipo shida huonekana ingali yaweza kuponywa.