Simu isiyo na salio nayo yajua njia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mpanda baiskeli wa zamani aliifuata methali hiyo kila alipotoka nyumbani. Alifika penye njia panda, akaweka mguu mmoja chini, akamwamkia mzee aliyekuwa akipita, kisha akauliza njia. Jibu alilopewa mara nyingi lilikuwa "hapo tu mbele," na hiyo "hapo tu" ikaweza kuwa mwendo wa kilomita 10 za milima na mabonde.

Siku hizi mwenye simu ya kisasa hudhani kwamba taabu hiyo imekwisha. Huitoa mfukoni, akafungua ramani, na sauti ikamwambia apinde kulia au kushoto. Lakini mwache atoke Kiserian, apite Kona Baridi, aanze kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Magadi. Huko kuna mahali ambapo mtandao huja na kupotea, na ramani ikageuka kuwa ukurasa mtupu. Wengi hapo husema simu imekufa. La hasha! Simu i hai, na mahali ilipo inapajua vyema. Kilichokosekana ni picha ya nchi tu.

Ishara zisizodai malipo

Jambo hili yafaa lielezwe polepole, maana wengi hawalifahamu. Simu haitegemei milingoti ya kampuni za simu peke yake kujua ilipo. Ndani yake mna kitu mfano wa redio ndogo, kinachosikiliza ishara za setilaiti zinazoizunguka dunia, kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu. Kila ishara huja na saa iliyotumwa. Simu hupima muda ambao ishara imechukua njiani, na ikisikia setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu ikajua ilipo. Penye uwazi hukosea kwa mita chache tu.

Mpango wa GPS ni wa Marekani, nao ulikamilika mwaka wa 1995. Hadi Mei 2000, Wamarekani walikuwa wakiivuruga kwa makusudi ishara waliyowaachia raia, ili isiwe sahihi mno. Leo Urusi, Uchina na nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao za namna hiyo, na simu nyingi husikiliza zote. Hakuna anayemtoza msikilizaji hata senti moja.

Basi kinachohitaji bando ni ramani, wala si setilaiti. Akiba haiozi. Msafiri aipakue ramani ya Kenya nzima akiwa nyumbani, kisha aende nayo popote. Programu ya Organic Maps hufanya kazi hiyo bila malipo, na OsmAnd ina toleo la bure. Google Maps nayo huruhusu mtu kuhifadhi kipande cha nchi, lakini mtandao ukikatika humwelekeza mwenye gari tu. Mwenye baiskeli hana lake.

Tofauti hiyo si ndogo. Njia ya gari mara nyingi ni barabara kuu ya malori, nayo si mahali pa kuchezea roho. Programu inayojua kwamba mtu yu juu ya baiskeli humtafutia vijia vya pembeni, na nyingine humwonyesha mapema mlima unaomngojea.

Chakula cha simu

Adui mkubwa wa safari ni betri. Kinachoila zaidi ni kioo kinachowaka mchana kutwa. Kwa hiyo afadhali kioo kizimwe na msafiri aifuate sauti. Tena, simu inayotafuta mtandao pasipo na mtandao hujichosha bure. Katika simu nyingi mtu anaweza kubonyeza kile kitufe chenye picha ya ndege, mawasiliano yakazimika na setilaiti zikaendelea kusikika. Ila simu isiyosaidiwa na mtandao huchelewa kupata mahali ilipo mara ya kwanza, pengine dakika kadhaa. Afunguaye ramani kabla ya kuondoka nyumbani huepuka kungoja juani.

Wazee watakumbuka dainamo iliyosugua gurudumu la Black Mamba na kuwasha taa usiku. Dainamo hiyo hiyo yaweza kuilisha simu. Mwaka wa 2010 kampuni ya Nokia ilitangaza chaja ya namna hiyo hapa Nairobi, ambayo ilianza kazi baiskeli ikifikia mwendo wa kilomita 6 kwa saa.

Jua nalo lina hasira. Simu iliyofungwa kwenye usukani wakati wa adhuhuri hupata joto ikajizima yenyewe, na mtikisiko wa njia ya changarawe waweza kudhuru kamera yake. Mfukoni ndipo mahali pake, na sauti itoshe.

Ramani ni kazi ya watu

Huenda msomaji akauliza: ni nani aliyevichora vijia hivyo vyote? Ramani za Organic Maps na OsmAnd hutokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na Steve Coast. Wanaoichora ni watu wa kujitolea, kila mmoja akiandika alijualo. Hapa kwetu, mwaka wa 2009 vijana wa Kibera walishika vipokezi vya GPS mikononi, wakatembea vichochoro vya mtaa wao na kuweka kwenye ramani shule, zahanati na vyoo. Kabla ya hapo, mtaa huo wenye maelfu ya watu ulikuwa kama pengo katika ramani zilizopatikana kwa umma.

Hapo pana funzo. Kijia kisichoandikwa na mtu, simu haikijui. Jina la kilima ambalo wenyeji hulitumia halitaingia humo lisipoandikwa na mwenyeji. Msafiri akirudi nyumbani, naye aandike kisima alichokiona na kivuko alichokivuka, ili anayekuja nyuma yake asitaabike.

Pamoja na hayo, usiache mbachao kwa msala upitao. Ramani iliyopakuliwa mwaka jana haina habari za mvua za mwaka huu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalibomoa barabara na madaraja mengi nchini, na simu nyingi ziliendelea kuyaonyesha kana kwamba yamesimama. Ramani ifanywe upya kabla ya safari, na penye shaka mtu aweke mguu chini, aamkie, aulize. Simu itamwonyesha daraja lilipo. Mchungaji atamwambia kama bado lipo.