"Mimi Sijui Kuchora": Kwa Mama Anayeshika Brashi kwa Mara ya Kwanza

Yako maneno matatu ambayo wanawake wengi wa mwambao wetu huyatamka kwa wepesi kama wanaotaja majina yao: "Mimi sijui kuchora." Huyasema mtoto anaporudi na kazi ya sanaa aliyopewa shuleni, akaomba asaidiwe. Huyasema wanapoona rangi na karatasi zimetandazwa mezani kwa jirani, nao wakakaribishwa kujaribu. La ajabu ni kwamba wengi wa wanaoyasema ndio hao hao ambao, siku chache kabla ya harusi, huketi mbele ya bibi harusi na hina mkononi, wakamchora maua na vikonyo kutoka ncha za vidole hadi kwenye kisugudi, bila penseli, bila kifutio, na bila kigezo cha kufuatisha.

Mkono kama huo hauwezi kuitwa mkono usiojua. Mwenye kuchora hina anajua kupima nafasi kwa jicho. Anajua wapi pa kubonyeza na wapi pa kulegeza, na anajua kuacha sehemu tupu ili ua lipate kuonekana. Anachokikosa mbele ya karatasi nyeupe ni kitu kingine. Hina ina mila yake: nakshi zake ameziona tangu utotoni, na bibi harusi yuko mbele yake anangoja, hivyo hakuna wasaa wa kuogopa. Karatasi haina bibi harusi. Hakuna anayeingoja, na hapo ndipo hofu inapopata mwanya wa kuingia.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa, kwani maneno yale matatu husikiwa. Binti wa miaka minane anapomsikia mama yake akisema hajui kuchora, kisha akamwona anaondoka bila kujaribu, hujifunza jambo lililo kubwa kuliko kuchora: hujifunza kwamba mtu mzima haanzi jambo asilolijua. Siku moja atalihamishia funzo hilo kwenye hisabati, kwenye biashara, kwenye kuendesha gari.

Basi tuitazame hofu yenyewe. Kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya kosa la jicho, wala si la mkono. Anayeanza huchora akijuacho badala ya akionacho. Mdomo wa kikombe cha kahawa ni duara. Kila mtu analijua hilo, kwa hiyo anayeanza huchora duara. Lakini akiwa ameketi mkekani, na kikombe kimewekwa kwenye sinia mbele yake, jicho lake halioni duara hata kidogo. Linaona umbo lililobanwa, mfano wa jicho lililofumbwa nusu. Kikombe kikiinuliwa hadi usawa wa macho, umbo hilo nalo hutoweka, ukabaki mstari mmoja tu. Mchoraji aliyechora duara kamili atashangaa kwa nini kikombe chake kinaonekana kama kinaangukia nje ya karatasi, kisha atahitimisha kwamba hana kipaji. Kipaji hakikuhusika. Hakutazama, na kutazama ni kazi inayoweza kurudiwa mara kumi kwa siku bila gharama.

Liko zoezi moja la kulifunza jicho ambalo nalipenda kuliko yote. Chukua dele la kahawa, liweke karibu na dirisha, kisha usilichore dele. Chora ile nafasi tupu iliyo kati ya mkono wa dele na tumbo lake. Akili ina picha yake ya dele tangu zamani, nayo hulazimisha picha hiyo iingie karatasini. Lakini nafasi tupu haina jina, akili haina picha yake, kwa hiyo jicho hulazimika kutazama kwa kweli. Ukishaipata nafasi ile, chora nafasi iliyo chini ya mdomo wa dele, kisha ile iliyo kando ya shingo. Ghafla utaona dele limekaa katikati, limejichora lenyewe.

Kuhusu vifaa, tusidanganyike na madirisha ya maduka. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'arisha za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972. Katika miaka ile minne tu aliacha mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na wachoraji wengi wanautegemea kwa riziki yao.

Hata hivyo, simshauri mama wa nyumbani aanze na rangi ya baiskeli. Harufu yake ni kali, tena ikimwagika kwenye zulia ndiyo imekaa. Na kuna jambo jingine ambalo msomaji wa ukurasa huu hatalipuuza: rangi za mafuta na za kung'arisha huacha utando juu ya ngozi na kucha, ukazuia maji ya udhu kufika, hivyo ni lazima utando huo uondolewe kwanza. Rangi za maji hutoka kwa maji na sabuni, na adhana ikikukuta umo kazini, huna haja ya kuanza kutafuta tapentaini. Kwa sababu hiyo, na kwa urahisi wa bei, rangi za maji ndizo zifaazo kwa mwanzo: kisanduku kimoja chenye vidonge kumi na viwili, brashi moja ya duara yenye ncha nzuri, makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na moja la maji safi, na kipande cha khanga kuukuu cha kukaushia.

Jambo moja tu usilifanyie ubahili, nalo ni karatasi. Karatasi ya daftari huvimba na kukunjamana mara tu ikiguswa na maji, rangi ikatuama katika mabonde yake, na anayeanza akaamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Tafuta karatasi nzito ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ni ghali kidogo, lakini karatasi moja kubwa hukatwa vipande vinane au zaidi vyenye ukubwa wa kiganja. Udogo huo una faida yake: kipande cha ukubwa wa kiganja hakimtishi mtu, na kikiharibika, kimeharibika kidogo.

Rangi za maji zina tabia zake, na asiyezijua hujilaumu bure. Huanza na nyepesi na kumalizia na nzito, kwa sababu rangi nzito ikishaingia karatasini haitoki kwa urahisi. Nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Rangi ikiwa bado mbichi huonekana iliyokolea, ikikauka hufifia. Hapo wengi huvunjika moyo, kumbe ni kawaida yake, na dawa ni kungoja ikauke, kisha kupaka mara ya pili. Na hapa kwetu kuna jingine. Katika joto la kaskazi, chini ya pangaboi, rangi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili. Zima pangaboi kwa dakika chache, au lowesha karatasi kwanza kwa maji safi, utaona rangi inavyotambaa yenyewe bila kuacha mipaka migumu.

Kosa linaloua picha nyingi ni kutokujua kuacha. Rangi mbili zikichanganyika bado zina uhai. Zikiwa tano, tena zimesuguliwa, huwa tope. Ukiona mkono unataka kurekebisha mahali pamoja kwa mara ya tatu, weka brashi chini, nenda kapige pasi au katazame chungu jikoni. Ukirudi, karatasi itakuwa imekauka, na mara nyingi utakuta palikuwa hapahitaji kitu.

Kwa wale wanaodhani kwamba muda wao umepita, au kwamba watoto wameumaliza, wamfikirie Baya. Alizaliwa mwaka 1931 karibu na jiji la Algiers, akawa yatima akingali mdogo, akalelewa na bibi yake. Shule hakuipata. Alichukuliwa nyumbani kwa mwanamke wa Kifaransa aliyeona jinsi msichana yule anavyofinyanga udongo na kuchora, akampa rangi na karatasi. Mwaka 1947, akiwa karibu kutimiza miaka 16, picha zake ziliandaliwa maonyesho jijini Paris. Kisha mwaka 1953 akaolewa na mwanamuziki, El Hadj Mahfoud Mahieddine, akazaa na kulea, na kwa takriban miaka kumi hakuchora. Kipande hiki cha maisha yake ndicho kinachonivutia zaidi kuliko maonyesho ya Paris. Mwaka 1963 alirudi kwenye rangi zake, akiwa mama wa familia kubwa, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1998. Miaka ile kumi haikumnyang'anya mkono wake. Alirudi na rangi zile zile kali, wanawake wale wale wenye mavazi ya nakshi, ndege, matunda na ala za muziki.

Hapo baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na maoni yao hayakufanana, na kila familia ina mashekhe wake wa kuwauliza. Kwa anayependa kujiepusha, njia iko wazi tangu zamani: imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas alimnasihi mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza picha kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Nami naongeza, kwa upande wa ufundi tu, kwamba kwa anayeanza hakuna vitu vyema kuliko hivyo. Mnazi hautikisi kichwa wala hauchoki kukaa. Mnazi haulalamiki kwamba umeuchora pua vibaya. Na tuna utajiri wa visivyo na roho: milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji wa Kale wa Mombasa, zidaka za kuta za kale, kuta za Ngome ya Yesu zinazobadilika rangi kadiri jua linavyoshuka, mizizi ya mikoko maji yakishakupwa.

Lililo gumu kuliko rangi ni watu. Mavyaa atapita, atasimama, atauliza, "Hii ni nini, mwanangu?" Wifi atacheka, pengine bila ubaya wowote. Anayeanza huona aibu, akaificha karatasi chini ya mto. Jibu lifaalo ni fupi: "Ni dele, mama. Najifunza." Neno "najifunza" halina mlango wa ubishi. Hakuna anayeweza kumwambia anayejifunza kwamba bado hajui, ameshasema mwenyewe. Lakini pia usiitafute aibu kwa miguu yako. Picha ya wiki ya kwanza usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako mmoja atasifu kwa adabu na mwingine ataweka kicheko. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, wala usimwulize kama picha ni nzuri, maana atakwambia ni nzuri na nyote wawili hamtapata faida. Mwulize jambo linalojibika: "Mwanga unatoka upande gani?" Akikuonyesha dirisha lilipokuwa, kivuli chako kimesema kweli.

Wala usizichane zile mbaya. Andika tarehe nyuma ya kila kipande, kiweke ndani ya bahasha. Vikifika ishirini, vitandaze vyote mkekani kwa mpango wa tarehe, cha kwanza hadi cha ishirini. Moyo wa anayeanza hausadiki sifa za watu, lakini hausadiki pia shaka zake mwenyewe ukiwa na ushahidi mbele ya macho: mdomo wa kikombe ulionyooka, kivuli kilichotulia, rangi iliyoachwa bila kusuguliwa.

Mtoto akija na kazi yake ya shule, keti naye, kila mmoja na kipande chake. Usimchoree, mwalimu ataujua mkono wa mtu mzima, na mtoto ataondoka na alama zisizo zake. Chora chako. Kikiharibika, aone kimeharibika, aone umechukua kingine.

Na dele likishazoeleka, nenda ufuoni. Nyali panafaa, maji yakiwa yamekupwa, kabla jua halijawa kali. Utakwenda na kidonge cha buluu ukiamini kwamba bahari ni buluu, na hapo jicho litapata kazi. Karibu na miguu yako, juu ya mchanga, maji yana kijani chepesi sana. Penye mwani yana hudhurungi, ambayo utaipata ukichanganya nyekundu kidogo na kijani. Buluu yenyewe iko mbali, nyuma ya mwamba. Kati ya buluu hiyo na kijani upo mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Anza na huo: upitie pembeni kwa ncha ya brashi, juu na chini, na wenyewe usiupake chochote.